Signali ya fotoakustiki kwenye vituo vya bakteria haieleweki? Anza kutafuta hapa

Hii ni kwa yeyote anayepima mabadiliko ya joto na ujazo kwenye vituo vya mmenyuko vya bakteria wa zambarau, yaani zile protini zinazotumia mwanga kutenganisha chaji, hasa Rhodobacter sphaeroides maana ndo karibu kila maabara inamtumia. Kipimo chenyewe, fotoakustiki, ukikieleza ni rahisi sana: unapiga sampuli flashi fupi ya leza, nanosekunde chache tu, sampuli inashtuka, wimbi la shinikizo linasafiri kwenye maji mpaka kwenye sensa ya piezo au filimu ya PVDF (plastiki), vyote vinatoa umeme vikibanwa, na wewe unasoma volti kwenye osiloskopu. Basi. Kazi inaanza pale unapotaka kusema hiyo volti imetokana na nini.

Manake shinikizo hilo lina vyanzo viwili. Kwanza joto, fotoni ikimezwa sehemu ya nishati yake inatoka kama joto, maji ya jirani yanatanuka. Pili kituo chenyewe kinabadilika ujazo, elektroni ikitoka kwenye jozi ya bakterioklorofili tunayoiita P870 ikaenda mpaka kwenye kwinoni QA, molekuli inayoipokea, ghafla una chaji chanya huku na chaji hasi kule ndani ya protini, na chaji zikitengana hivyo zinavuta vitu vinavyozizunguka vinabanana, kwa hiyo kituo kinasinyaa. Joto linatanua, chaji zinasinyaza, na sensa inasikia vyote kwa pamoja, ni kama watu wawili wanaongea kwenye maiki moja. Sensa haikutengei hii na ile. Wewe ndo unatakiwa uzitenge, na matatizo mengi ninayoona watu wanahangaika nayo yanatokea kwa sababu hiyo kazi imerukwa au imefanywa nusu.

Na si jambo jipya jamani. Callis, Parson na Gouterman walishapima vyote viwili, joto na ujazo, kwenye kromatofori (vifuko vya utando vyenye vituo) za Chromatium, bakteria mwingine wa zambarau, mwaka 1972, tena kwa maikrofoni ya kapasita. Arata na Parson wakaja na vituo vya sphaeroides mwaka 1981, na mwaka 2000 kundi la Mauzerall pale Rockefeller, New York, likatumia fotoakustiki ya flashi kupata enthalpi na entropia za mmenyuko huohuo. Kwa hiyo njia ipo na wengi wameshaipita, tuone inakwama wapi.

Signali ya sampuli ni ndogo mno, au imepinduka kichwa chini

Hii ndo inayotisha watu kuliko zote. Umeweka rejea yako, rangi inayogeuza mwanga wote kuwa joto, imetoa wimbi zuri linaloanza kwa kupanda. Unaweka vituo vyenye ufyonzaji uleule, wimbi linatoka dogo sana au linaanza kwa kushuka. Mtu anakimbilia kugeuza nyaya za sensa, anabadilisha amplifaya, anahisi sensa imekufa. Kabla hujafungua chochote piga hesabu kwanza.

Moli moja ya fotoni za nanomita 860 ina kama kilojuli 139. Zikigeuka zote kuwa joto ndani ya maji ya nyuzi 25, ambapo mgawo wa kutanuka ni kama 2.57 × 10⁻⁴ kwa kila nyuzi, maji yanatanuka kama mililita 8.6. Sasa tuseme kila kituo kinasinyaa angstromu za ujazo 20, na mabadiliko yaliyochapishwa kwa hatua hii yako kwenye makumi hayohayo ya angstromu, basi kwa moli nzima hiyo ni mililita 12. Umeona? Kusinyaa kunazidi hata joto lote kama lingetoka lote, na halitoki lote kwa sababu nyingine imebaki kwenye chaji zilizotengana. Kwa hiyo wimbi lililopinduka kwenye nyuzi 25 linaweza kuwa sahihi kabisa, tena ni dalili nzuri kwamba vituo vyako vinafanya kazi.

Kosa linakuja mtu anapochukua ile signali ndogo, anaigawa kwa signali ya rejea, halafu anasema kilichopungua chote ni nishati iliyohifadhiwa. Ukifanya hivyo unapata uhifadhi wa asilimia 90, wengine asilimia 150, yaani kituo kimehifadhi kuliko ulichokipa, na hapo fizikia inakugomea. Ukiona namba yoyote ya namna hiyo usianze kutafuta hitilafu kwenye leza. Umehesabu kusinyaa kama nishati. Na mbaya zaidi ni pale inapotoka namba ya kawaida tu, asilimia 60 mathalani, maana hiyo haishtui mtu na inaweza kuwa imechafuka vilevile. Kipimo cha halijoto moja peke yake hakisemi chochote kuhusu nishati, mimi hapo sina msamaha kabisa.

Dawa ni maji yenyewe. Maji safi yanafikia uzito wa juu kabisa (kwa ujazo uleule, yaani densiti) kwenye nyuzi 3.98, na hapo mgawo wa kutanuka ni sifuri, ukiyapa joto kidogo hayatanuki wala hayasinyai. Kwa hiyo ukipima hapo sauti ya joto inazimika na kinachobaki ni ujazo wa kituo peke yake. Kisha unapima na nyuzi 10, 15, 20, 25, unaona joto likirudi taratibu. Kuna namna mbili za kumaliza hesabu: toa kile ulichopata karibu na nyuzi 4 kutoka kwenye kipimo cha nyuzi 25, au chora grafu, uwiano wa sampuli kwa rejea ukizidishwa kwa nishati ya fotoni upande mmoja, na uzito mara uwezo wa joto ukigawa kwa mgawo wa kutanuka upande mwingine. Mstari unapokata mhimili ndo joto, mteremko ndo ujazo.

Angalizo kwenye hiyo grafu, halijoto za chini zinavuta mstari kupita kiasi. Nyuzi 25 inakaa kwenye kilojuli 16 hivi kwa mililita, nyuzi 10 iko kama 48, na nyuzi 6 imekwenda kama 130, kwa hiyo nukta moja mbovu ya nyuzi 6 inauzungusha mstari mzima na jibu lako la joto linaharibika huku grafu inaonekana imenyooka vizuri tu. Ipe kila nukta uzito kulingana na makosa yake. Na kumbuka umeshakubali kimyakimya kwamba ujazo na joto la mmenyuko havibadiliki kati ya nyuzi 4 na 25, ukiona nukta zinapinda kwa mpangilio, sio kutawanyika hovyo, basi huenda hilo si kweli kwa sampuli yako.

Karibu na nyuzi 4 rejea inagoma kufika sifuri

Au inafika sifuri lakini kwenye nyuzi 3, au 2.5, na wewe umeandika 3.98 kwenye daftari kwa sababu kitabu kimesema hivyo. Kitabu kimesema maji safi, ndugu yangu, wewe huna maji safi. Una bafa inayotunza pH, una chumvi, una sabuni ya LDAO inayoshikilia protini isigandamane. Chumvi inashusha ile halijoto ya uzito wa juu, na inashusha kweli, kwa chumvi ya mezani ni kama nyuzi 13 kwa kila moli kwenye kilo moja ya maji, yaani milimola 100 tu tayari umeshuka nyuzi 1.3. Maji ya bahari ndo yanaganda kabla hata hayajafika huko.

Kwa hiyo sifuri usiisome kwenye kitabu, itafute. Chukua rejea kwenye bafa ileile, sabuni ileile, chumvi ileile, anza nyuzi 6 ushuke nusu nyuzi nusu nyuzi mpaka wimbi lipotee kisha ligeuke upande wa pili, chora kimo cha wimbi dhidi ya halijoto, pale mstari unapovuka sifuri ndo halijoto yako ya kazi. Ni kazi ya asubuhi moja na bafa hiyo hutarudia tena.

Sasa rejea yenyewe. Inatakiwa igeuze mwanga wote kuwa joto haraka kuliko sensa inavyoweza kufuata, ising'ae, isiharibike kwa mwanga, na isibadili tabia ya maji. Bromokresoli zambarau watu wanaitumia, Evans blue pia, na wino mweusi uliochujwa vizuri. Kobalti kloridi nayo ni maarufu lakini angalia mitego miwili: inafyonza kidogo, kwa hiyo unalazimika kuweka nyingi na ukiweka nyingi umeongeza chumvi na ile sifuri imehama, na pili ukiitia kwenye bafa ya fosfeti unapata mashapo ya kobalti fosfeti, chupa inachafuka mbele ya macho yako na mwanga unatawanyika kila upande. Ukiwa na fosfeti achana na kobalti.

Kama rejea haifiki sifuri kabisa, inabaki na kipande kidogo kila halijoto, kitu kingine kinachangia. Angalia themomita iko wapi, maana nimeona mitambo mingi themomita imezamishwa kwenye beseni la maji baridi mezani na kiveti, kile kichupa cha sampuli, kiko mbali nalo mwisho wa mpira, tofauti ya nyuzi nzima inawezekana na wewe hujui. Weka themistori ndani ya kiveti, kwenye kimiminika chenyewe, juu kidogo ya njia ya leza. Uzuri ni kwamba karibu na nyuzi 4 kosa dogo halikuui, mgawo wa kutanuka unabadilika kama 1.6 × 10⁻⁵ kwa kila nyuzi, ukikosea sehemu moja ya kumi ya nyuzi umechangia mililita 0.05 tu kwa moli, mbele ya kusinyaa kwa mililita 12 hiyo si kitu. Ukikosea nyuzi mbili ndo inaanza kuonekana.

Na kwa walio sehemu zenye unyevu, Pwani yetu kuanzia Dar mpaka Mombasa mnaelewa, kiveti cha nyuzi 4 kinatoka jasho. Kioo kinafunikwa na matone madogo ambayo leza inayagonga na kutawanyika, unapata signali inayocheza ovyo na kila dakika inazidi. Elekeza nitrojeni kavu au hewa kavu kwenye vioo muda wote wa kipimo, kitambaa hakisaidii, ukifuta sasa hivi dakika tano mbele pamerudi palepale.

Uwiano wa sampuli na rejea unabadilika ukiongeza nguvu ya leza

Rejea inapanda mstari mnyoofu, sampuli inapinda. Hii ni kushiba. Kituo kimoja kikishameza fotoni moja na kutenganisha chaji, fotoni ya pili ndani ya flashi hiyohiyo haina kazi ya kufanya, inageuka joto tupu. Kwa hiyo kadiri unavyoongeza nguvu ndivyo joto linavyozidi kuficha ujazo, na namba yako ya nishati iliyohifadhiwa inashuka.

Mpaka uko wapi? Kwenye nanomita 865 kituo kina mgawo wa ufyonzaji wa 128 kwa milimola kwa sentimita, ukigeuza hiyo kuwa eneo unapata karibu 4.9 × 10⁻¹⁶ za sentimita mraba kwa kituo, na hiyo inamaanisha kwenye kama milijuli 0.47 kwa sentimita mraba kila kituo kimepata wastani wa fotoni moja. Sasa mtu anapiga milijuli 2 halafu anashangaa. Kaa chini ya mikrojuli 50 kwa sentimita mraba, pima nguvu tano sita tofauti, kisha vuta mstari kurudi sifuri. Signali itakuwa ndogo ndiyo, utahitaji kuchukua wastani wa flashi nyingi, vumilia. Na pima eneo la leza kwa ukweli, usikadirie kwa jicho kwenye karatasi, leza nyingi zina kiini kikali katikati na kingo hafifu, katikati pameshiba wakati wastani unasema uko salama.

Hapohapo kuna swali la rangi ya leza. Nd:YAG ya nanomita 532 ndo ya bei nafuu na kila mtu anayo, lakini kwa bakteria wa kawaida wa sphaeroides 532 inamezwa pia na karotenoidi, rangi nyingine iliyomo kituoni, na karotenoidi haipitishi nishati yote kwa P870. Kila iliyopotea njiani imekuwa joto, na wewe ukikadiria kwamba kila fotoni imetenganisha chaji unajidanganya. Pata leza ya 860, au tumia aina isiyo na karotenoidi, R-26, au angalau upime kwa njia nyingine ni fotoni ngapi kweli zinatenganisha chaji na uingize kwenye hesabu.

Flashi za mwanzo nzuri, zinazofuata zinafanana na rejea

Unapiga haraka mno. Chaji zilizotengana kati ya P (ile P870) na QA zinarudiana kwa milisekunde 100 hivi. Kama elektroni imefika QB, kwinoni ya pili baada ya QA, inachukua sekunde moja au zaidi. Leza ikipiga mara 10 kwa sekunde, flashi ya pili inakuta vituo vingi bado vimefungwa, vinatoa joto tupu, na osiloskopu inakupa wastani uliochanganya vilivyo wazi na vilivyofungwa. Watu wanapenda 10 kwa sekunde kwa sababu leza nyingi za aina hiyo zimetengenezwa kwa mwendo huo na ukishusha umbo la mwanga linaharibika, basi acha leza ikimbie mwendo wake na weka shata inayoruhusu flashi moja tu ipite kila baada ya sekunde kadhaa. Au ziba QB kwa terbutrini ili elektroni iishie QA, hapo flashi moja kila sekunde moja au mbili inatosha.

Mwanga wa chumbani nao usiusahau. Hata taa ya mezani iliyo karibu inaweza kufunga sehemu ya vituo muda wote. Fanya kazi gizani au chini ya taa ya kijani hafifu sana.

Lakini hilihili tatizo ukiligeuza linakuwa msaada, na mimi naipenda hii kuliko rangi yoyote ya rejea. Washa makusudi mwanga mkali wa kuendelea juu ya sampuli, vituo vyote vibaki P ikiwa imepoteza elektroni, halafu piga flashi. Kila fotoni inayomezwa sasa inageuka joto papo hapo (ila kwenye 860 kumbuka P iliyopoteza elektroni imepauka, haimezi kama mwanzo). Sampuli ileile, bafa ileile, kiveti hujakigusa, utawanyikaji wa mwanga uleule, yaani imekuwa rejea ya nafsi yake, na hasa kwa kromatofori zinazotawanya mwanga hakuna rangi inayoweza kushindana nayo. Zima mwanga, subiri zifunguke, piga tena, toa moja kwa nyingine.

Vituo "vilivyofungwa" havitoi joto lote

Angalia umevifunga kwa njia gani. Ukitumia mwanga wa kuendelea au ferisayanaidi unaiondolea P elektroni, sawa. Ukitumia dithionaiti unapeleka elektroni QA kabla ya flashi, na hiyo ni hali nyingine kabisa: chaji zinatengana kidogo mpaka kwenye bakteriofeofitini, hatua ya njiani kabla ya QA, zinarudiana ndani ya nanosekunde chache, na sehemu yake inaangukia kwenye hali ya tripleti ya P inayoishi muda mrefu kuliko sensa yako inavyosikiliza. Kwenye R-26 hasa, maana hakuna karotenoidi ya kuimeza. Nishati imekaa mle, haijatoka kama joto, na wewe umeiita rejea. Usitumie dithionaiti kama rejea ya joto.

Na kuna ndugu yake tatizo hili, vituo vilivyopoteza QA wakati wa kusafisha. Sabuni nyingi pamoja na orthofenanthrolini zinang'oa kwinoni. Ukikuta ujazo unaobadilika ni mdogo kuliko wa wengine, kabla ya kuandika ugunduzi, piga flashi kwenye spektrofotomita uone kupauka kwa 865 na kurudi kwake. Kurudi kwa milisekunde 100 maana yake QA ipo. Kusipoonekana kupauka kwa sehemu kubwa ya vituo, rudishia kwinoni-10 kwanza.

Kuna signali hata kwenye bafa tupu

Ziba leza kwa kipande cha chuma, acha kila kitu kingine kikiwaka. Bado kuna mpigo kwenye muda wa sifuri, papo hapo flashi inapopigwa? Ni umeme, swichi ya leza inarusha mawimbi kwenye waya wa sensa, tafuta ardhi nzuri, funika sensa kwa foili, sogeza paua saplai mbali. Ukizibua na mpigo wa sifuri ukarudi, kabla hata sauti haijapata muda wa kufika, mwanga umeigonga sensa yenyewe. PVDF inaitikia joto pia sio shinikizo peke yake, kwa hiyo weka kioo au foili kati yake na sampuli.

Kama mpigo unakuja muda wake halali wa sauti, basi bafa inafyonza. Na kwa nanomita 860 ni lazima ifyonze, maji yenyewe yana ufyonzaji karibu 0.02 kwa sentimita huko kwenye infraredi. Unaona ni kidogo, ila mikromola moja ya vituo ina 0.13 tu, hiyo sio ya kudharau. Pima bafa peke yake kila halijoto na uitoe. Ukitaka kuikwepa tumia maji mazito, hayo yanafyonza kidogo kuliko ya kawaida na sifuri yake iko nyuzi 11.2, ambako vioo havitoki jasho kiasi kile na protini haijakaribia baridi kali. Ni ghali lakini kama jibu lako kwenye maji mazito linafanana na la maji ya kawaida baada ya kuhesabu kila kitu, umeondoa mashaka mengi kwa mpigo mmoja.

Wimbi linahama au linageuka umbo

Kuhama kidogo ni kawaida. Sauti kwenye maji inakwenda mita 1497 kwa sekunde kwenye nyuzi 25 na kama 1421 kwenye nyuzi 4, kwa milimita 5 za njia wimbi la baridi linachelewa karibu mikrosekunde 0.2. Programu inayosoma kilele kwenye dirisha la muda lililokazwa itasoma sehemu isiyo kilele, sogeza dirisha pamoja na halijoto. Ila umbo likibadilika, mkia mrefu, kilele cha pili, mnyauko wa taratibu, mara nyingi ni mapovu. Bafa baridi inashika hewa nyingi, ukiipandisha toka 4 kwenda 25 hewa inatoka na kujibandika kwenye kioo na kwenye uso wa sensa. Ondoa hewa kwa vakyumu kabla, jaza kiveti taratibu kwa sindano toka chini, na upime ukitoka joto kwenda baridi badala ya kinyume chake.

Namba nzuri kabisa, ila ukibadili bafa haijirudii

Hii inakamata hata waliofanya yote ya juu sawasawa. Chaji zikishatengana protini inaanza kushika na kuachia protoni, na protoni hizo zinatoka au kwenda kwenye bafa, na bafa nayo ina ujazo wake na joto lake. Fosfeti ikiachia protoni ujazo unapungua kama mililita 24 kwa moli, wakati kwa bafa ya Tris unaongezeka kama 4. Kwa joto ni kinyume, Tris inameza kama kilojuli 47 kwa moli na fosfeti kama 4 tu. Kwa hiyo protoni ileile moja kwenye bafa mbili inaweza kukupa ujazo unaotofautiana kwa mililita karibu 28, zaidi ya kile kitu chenyewe unachopima.

Swali ni kama protoni zinawahi dirisha lako la muda. Kutoka P mpaka QA kunachukua kama pikosekunde 200, hiyo imekwisha kabla hata flashi haijaisha, kwa sensa inayosikia mikrosekunde moja ya mwanzo mchango wa bafa kwa kawaida haupo au ni mdogo. Lakini ukitumia maikrofoni ya polepole inayokusanya milisekunde nzima, au ukifuatilia elektroni ikienda QB kwa mikrosekunde 100 na zaidi, protoni zimeshafika. Njia ya kujua ni kupima mara mbili, Tris kwenye pH 8 na fosfeti kwenye pH ileile, kila moja na rejea yake na sifuri yake uliyoitafuta upya. Zikilingana, ujazo ni wa kituo. Zisipolingana, gawa tofauti ya ujazo kwa 28 na utajua ni protoni ngapi kwa kila kituo zimepita kwenye bafa ndani ya muda wa sensa yako, kisha linganisha na kile rangi ya kupimia pH inakwambia kwa flashi ileile.